Kuku Aliyefaulu Mtihani wa Paka

Leo nimeaibika mbele ya kuku. Si kuku wa sufuriani. Kuku mzima, aliyenitazama usoni.

Mwezi uliopita nilimwokota paka mwenye mimba kando ya barabara ya Butali, amejibanza chini ya miwa iliyoanguka kutoka kwenye trekta. Nikamleta kwangu Amalemba, nikamwita Sukari. Akazaa watatu. Yote ninayojua kuhusu paka nimejifunza kwenye simu (video arobaini na mbili, ndiyo, nilihesabu).

Mwenye nyumba alipowasikia, akasema, "Kufikia Jumamosi kila mtoto awe na mwenyewe. Akibaki mmoja bila mtu, wote watoke na mama yao."

Jumamosi ndiyo leo.

Mtu wa kawaida angeuliza majirani. Mimi nilitengeneza fomu. Maswali kumi, rula, kalamu za rangi mbili. Wa kwanza kuomba alikuwa Mama Shikanga, jirani yangu ng'ambo ya ua. Swali la sita: "Je, una mnyama anayeweza kumdhuru mtoto wa paka?"

Akajibu, "Niko na kuku tu. Mayai tulishakula, lakini bado amelalia katoni tupu huko jikoni."

Nikakata alama mbili. Jumla, nne kwa kumi. Nikamwambia asante, ajaribu tena mwaka ujao. (Nilimwambia hivyo. Mtu mzima!)

Leo asubuhi nikaosha mahali pa Sukari kwa sabuni ya dawa mara mbili kabla ya saa tatu. Nikabadilisha blanketi ya katoni yao. Nikanyunyiza manukato kidogo kwa heshima ya mgeni. Sukari akanitazama sana. Nilidhani ni shukrani. Nikatoka kumpokea mgeni barabarani.

Mgeni ni Madam Nafula, mwalimu kutoka Butali, tisa kwa kumi. Alitaka wawili. Nikampa chai, kisha nikamhutubia robo saa nzima: paka aliyezaa anahitaji utulivu, harufu kali humkera, ukimsumbua sana atahamisha watoto. (Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Video ya kumi na saba.)

Nikafunua katoni kwa mikono miwili.

Tupu!

Tukatafuta chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, ndani ya viatu. Machozi yakaanza. Madam Nafula akauliza polepole, "Sasa hawa paka... wako kweli?"

Sauti ikatoka ng'ambo ya ua. "Wewe mtahini wa paka! Kuja uone maneno kwa jikoni yangu!"

Tukakimbia. Kando ya mafiga, kuku wa Mama Shikanga alikuwa ametanda kwenye katoni yake. Chini ya bawa pakalia, "Nyau." Kichwa kimoja kikachomoza. Kisha cha pili. Cha tatu. Na Sukari? Juu ya kuni, amejinyoosha, usingizi mzito, kama mama aliyepata yaya.

Nikanyoosha mkono. Kuku akanidonoa.

"Paka wako amepita hapa mara tatu na mtoto mdomoni," Mama Shikanga akasema. "Nikanyamaza. Si nilifeli?"

Madam Nafula akachagua wawili palepale. Atawachukua wakiacha kunyonya. Akabaki mmoja. Nikamgeukia Mama Shikanga.

"Mama, huyu mmoja... ungemchukua?"

"Fomu iko wapi?"

"Tuache tu fomu, Mama."

"Ah ah! Leo nakuuliza mimi." Akaketi kwenye kigoda. "Swali la kwanza. Kwako paka anaoshewanga nyumba mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne."

"Sifuri! La pili. Kuku yangu ni mbaya?"

"Hapana, Mama."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwomba kuku msamaha. Kwa sauti. Madam Nafula alicheka hadi akashika ukuta. Ndipo Mama Shikanga akasema, "Haya. Huyo mmoja ni wangu. Mwenye nyumba akija, mwambie aniulize mimi."

Basi nimeumbuka. Lakini watoto wote wana wenyewe, Sukari haendi popote, na fomu sichani ng'o! Nimeongeza tu swali la kumi na moja: "Je, una kuku?" Asiye naye, nakata alama mbili. Atakayecheka, nne.