Jumamosi Niliyoiandika Jumapili

Jumapili, tarehe 4

Dada, nisamehe. Miezi minane sijakuandikia hata mstari, na wewe umeniandikia mara tatu. Kila siku nilisema Bosi akilala tu naandika. Bosi halali. Ana mwaka na miezi kumi, meno kumi na mawili, na anaendesha nyumba hii kama meneja. Jina la kwenye kadi ya kliniki tumeshalisahau.

Nakuandikia wewe kwa sababu Mwalimu kasema anayeandika shajara amchague mtu mmoja wa kumwambia, la sivyo atadanganya. Hili ni daftari langu la siri. Mwalimu atasoma jingine.

Ndiyo, Mwalimu! Nasoma chuo! Utangulizi wa Uandishi, saa kumi alasiri, baada ya kazi. Pale kwenye dobi la hospitali ninapopiga pasi mashuka, kiti cha karani wa mapokezi kiko wazi. Kiti chenye mgongo, Dada! Karani anatoka kazini mchana. Ningemlisha mwanangu kwa mkono wangu badala ya kumwachia fundi cherehani wa chini. Matroni kasema atakayefaulu kozi ndiye atakayekaa. Tunaowania ni wawili: mimi na Kalamu Nne wa meza ya foronya. Anazichomeka kifuani zote nne kama nishani.

Kazi ya kwanza: shajara, Jumatatu hadi Jumamosi, kila siku iandikwe siku yake. Tumepewa madaftari ya chuo, kila ukurasa una namba na muhuri ili mtu asichane. Langu mtunza stoo alilivuta chini kabisa ya rundo. Lilikuwa na uvuguvugu, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Mpango wangu: nimeandika siku zote sita leo. Dakika arobaini! Nani ana nafasi ya kuishi kwanza ndipo aandike? Mambo madogo ya kubuni. Kikombe kuvunjika, mkasi kupotea, mgeni kuomba maji. Alhamisi Kalamu Nne apoteze sauti (hilo nililiandika kwa raha). Kufika Jumamosi mkono ulishachoka, nikaweka mstari mmoja: "Bosi kalala kutwa. Hakuamka. Kimya kizuri ajabu." Nimecheka peke yangu.

Jumatatu, tarehe 5

Nimerudi nikakuta kikombe cha buluu kimevunjika sakafuni jikoni. Nimefagia. Nikaketi. Nikakumbuka kwamba ndivyo nilivyoandika: kikombe cha buluu, jikoni.

Dada, sisi hatuna kikombe cha buluu.

Jumanne, tarehe 6

Fundi cherehani kapandisha ngazi na hasira zake. Mkasi wake mkubwa haupo. Akasema yeye analea mtoto wa watu bila kinyongo, na shukrani ya punda ni mateke. Nikamwambia aingie apekue mpaka achoke. Akafunua sufuria yangu. Mkasi ulikuwemo, umelala juu ya uji wa jana, umefumba midomo.

Ndivyo nilivyoandika. Ndani ya sufuria. Nilidhani inachekesha.

Fundi kaniangalia. Kasema: "Mama Bosi, kama usingizi hautoshi, sema." Akachukua mkasi wake, akaufuta kwa sketi yangu.

Nikiri: sikuogopa sana. Nilifikiria ya Alhamisi, nikatabasamu.

Jumatano, tarehe 7

Siku yangu ya mapumziko. Saa nne asubuhi, hodi. Mwanamke, kavaa vizuri, mkoba mkononi. Kaomba maji. Kanywa amesimama, akarudisha glasi, akaondoka bila kuaga. Yote kama nilivyoandika, neno kwa neno.

Isipokuwa moja. Mlangoni aligeuka, akamtazama Bosi aliyekuwa anabamiza kifuniko sakafuni, akasema kwa upole: "Mwache alale." Hilo mimi sikuliandika.

Bosi alimpungia mkono. Mwanamke alishashuka. Bosi akaendelea kuipungia ngazi tupu mpaka uji ukapoa.

Hapo ndipo mstari wa Jumamosi uliponirudia akilini. Nikalikimbilia daftari la chuo, nikaukata ule mstari mara tatu, wino mzito. Nikatoka kuanika nepi. Niliporudi mikato haikuwepo. Karatasi imeinyonya kama mchanga unavyonyonya maji. "Kimya kizuri ajabu" iko palepale, safi, mwandiko wangu bora kabisa.

Nikajaribu kuchana. Nimevunja kucha mbili.

Alhamisi, tarehe 8

Kalamu Nne kapoteza sauti! Kafungua mdomo kumsalimu Matroni, ikatoka pumzi tupu. Ningefurahi siku nyingine yoyote.

Darasani Mwalimu kashtukiza: anataka kuona tulipofika. Nikalikalia daftari. Kalamu Nne, bubu, aliyekwisha kunichungulia begani, akainua karatasi kubwa kwa herufi za kijani: YEYE AMEANDIKA MPAKA JUMAMOSI. LEO NI ALHAMISI. Darasa zima limecheka. Mtu kauliza kwa sauti kama nitamwambia basi timu ipi itashinda. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinapiga pasi foronya.

Mwalimu akalivuta daftari chini yangu, akasoma Ijumaa yangu mbele ya watu: kwamba mvua itanyesha upande wetu tu wa barabara, na kiatu changu cha kushoto kitapotea. Akasema mvua ni uongo unaosomeka, ila kiatu hakina kazi yoyote pale, akakikata kwa kalamu nyekundu. Kengele ikalia kabla hajafungua Jumamosi. Akaondoka na daftari, akasema tutaonana Jumamosi asubuhi ofisini, nijiandae kisaikolojia.

Ijumaa, tarehe 9

Mvua imenyesha. Upande wetu tu. Wa ng'ambo wameanua nguo kavu huku wakitutazama.

Kiatu cha kushoto kipo! Nimekiangalia mara kumi. Nimelala nacho mchana.

Maana yake, Dada, nikikata mimi wino haushiki, ila wa Mwalimu unashika. Alichokikata Mwalimu hakitokei. Basi ninahitaji kalamu nyekundu iguse Jumamosi, leo hii.

Mpango: nimevaa koti la kazini, nimekwenda chuo, nimesema dobi limetumwa kuchukua mapazia ya ofisi ya walimu. Wamenipisha kwa heshima. Daftari nimeliona kwenye kabati la kioo. Limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa Mwalimu, naye keshaondoka. Nimetoka na mapazia manne. Sasa inabidi niyafue.

Bosi kagoma kula, kanitupia kijiko, kaniita "wewe!" Nimembusu mpaka akanipiga kofi.

Jumamosi, tarehe 10

Saa kumi na mbili na nusu. Bosi amelala. Kila siku huwa keshaniamsha kwa kidole puani.

Saa moja. Amelala. Anapumua. Polepole sana, kama mtu anayesikiliza.

Saa moja na nusu. Nimemwita. Nimemfinya kidogo. Nimewasha redio mpaka betri zikaisha. Nimebamiza kifuniko chake sakafuni. Fundi cherehani kagonga dari yake kwa ufagio. Bosi hakukunja hata uso.

Kimya, Dada. Hata bomba la maji limeacha kudondoka. Na ile glasi ya Jumatano bado ina unyevu ndani.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Leo mimi ndiye ninayemlilia mwanangu alie.

Baadaye. Nimemfunga mgongoni nikakimbia. Kichwa chake kilinigonga begani kila hatua, kizito. Mwalimu alikuwa anakunywa chai. Akaanza maneno aliyoyaandaa, kuhusu uaminifu. Nikamkatiza. Nikamwambia nimedanganya siku zote sita, kila mstari, anipe sifuri, amwambie Matroni, kiti ampe Kalamu Nne na mto wa kukalia juu yake, ila akate Jumamosi kwanza. Sasa hivi. Kwa nyekundu.

Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia: "Kata, Mwalimu, nakuomba, halafu tuulizane hali."

Akaichukua kalamu. Haikuandika! Akaikung'uta, akaipulizia, akaisugua kwenye kiganja. Mimi nilishapiga magoti. Ikashika. Akakata mstari, akaandika kando yake: "Hili halijatokea. Rudia."

Mgongoni mtu akapiga chafya. Kisha nywele zangu zikavutwa kwa mikono miwili, na sauti ikadai uji.

Nimelia mpaka Mwalimu kanipa kitambaa chake. Kasema nimepata sifuri kweli, lakini hajawahi kuona mwanafunzi anayelijali sahihisho namna ile. Nimeongezewa wiki moja: siku sita mpya, kurasa zilizobaki, daftari lilelile. Matokeo kwa Matroni yatakwenda baada ya hapo. Akauliza pia kama ninajua lolote kuhusu mapazia.

Nimeapa, Dada. Kila siku nitaiandika ikishakwisha. Mkono juu ya kichwa cha Bosi nimeapa.

Jumapili, tarehe 11

Nimechoka sana. Bosi hajalala tangu jana, analipiza.

Kalamu Nne bado hana sauti. Nadhani ule mstari sikuuwekea mwisho. Matroni kasema karani wa mapokezi asiyesema ni kengele isiyo na ulimi, kwa hiyo kiti bado kinanisubiri. Nitamwomba Mwalimu aukate. Kwa kweli nitamwomba. Baada ya matokeo.

Sasa sikiliza. Tatizo halikuwa kuandika mapema. Tatizo lilikuwa uzembe. Safari hii nimeandika kwa akili, neno moja moja, na sikutia usingizi wa mtu yeyote. Siku zote sita, dakika thelathini na tano! Jumatatu Bosi anakula vizuri. Jumanne fundi cherehani ananiomba radhi. Alhamisi Matroni ananiita ofisini. Ijumaa mapazia yamekauka bila mkunjo. Jumamosi nilikosa la kusema, nikamrudisha yule mgeni wa maji, maana mgeni hujaza ukurasa.

Na Jumatano kifurushi chako kinafika, hakijalowa. Nimeshaandika kimefika, kwa hiyo wewe tuma tu, usinitie aibu. Ndani yake nimeandika hivi: soksi za Bosi, jozi tatu, za miaka miwili. Sweta lake la njano lililobaki kwako. Sindano za mkono na uzi mweusi. Betri nne ndogo za redio. Vikombe viwili, rangi yoyote isipokuwa buluu. Ile picha yetu mimi nimekukalia mapajani. Kucha za kubandika, mbili tu. Na kalamu nyekundu moja, mpya, inayoandika mara ya kwanza bila kukung'utwa. Hiyo usiisubirishe vingine. Itangulie, ifike kabla ya Jumamosi.