Jifunike Kwanza, Miguu Itafuata

Jumatatu, 4 Julai 1994. Timau.

Baridi ya leo si ya binadamu. Nimeamka miguu iko nje ya blanketi, kama ya mtu mwingine. Hilo si kosa la bidhaa yangu. Mtu anayejua kulala hukunja magoti. Nilijifunza hivyo Mombasa, nilikoishi siku nane. Kwa mwenye macho, siku nane za Mombasa ni miaka.

Niandike hali yangu wazi. Mimi, Bundi, mwenye duka la blanketi la kwanza katika barabara hii, sina mke nyumbani. Felicitas amekwenda kwa baba yake, Kianjokoma, kule Embu. Sababu ni cherehani yake. Niliibadilisha na spika ya Ismael. Spika ya harusi, kubwa kama kabati, inasikika mpaka mashamba ya ngano. Nilitaka ashtuke kwa furaha. Alishtuka. Furaha haikufika.

Huyu Ismael ni mtu wa Majengo, Meru mjini. Alikuja juzi juzi tu akafungua duka la blanketi ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na mimi. Mablanketi yake ni marefu, lakini hayana historia. Yangu yalikataliwa na kiwanda, kwa hivyo yana historia. Mkewe, Mwanarusi, anashona na cherehani yetu pale barazani. Tr-tr-tr mchana kutwa. Kila mshono unapitia sikio langu.

Leo Nelius, mama wa hoteli ya chai hapa jirani, amenipa ujumbe kutoka Kianjokoma. Baba mkwe, Mzee Mutegi, anakuja Jumamosi, siku ya soko, kuona kama duka langu ni duka. Akiona kazi ya mtu mzima, Felicitas anarudi. Akiona mchezo, binti yake habanduki kwake tena. Nelius akaongeza, "Baba, safari hii usilete akili zako. Uza tu."

Kumwambia Bundi aache akili ni kumwambia mbuzi anyoe ndevu. Mpango uko tayari.

Jumanne, 5 Julai.

Mpango ni kaseti. Kiambi, kaka yake Felicitas, hupiga gitaa kwa mabaa ya Embu. Wimbo wake mpya umeenea kama homa. Uko kwa kinyozi, uko posho mill, uko baa zote. Jambo moja limenishangaza: nikiingia baa, mtu hukimbia kupunguza sauti. Ni heshima kwa shemeji wa msanii, nafikiri.

Wimbo wenyewe unamcheka muuza blanketi fulani. Muuza blanketi! Bahati kama hii inampata nani? Ubeti wa kwanza:

Blanketi lake fupi, ulimi wake mrefu,
ukifunika kichwa, vidole vinalia.

Ismael huyo, bila mabishano. Blanketi lake si fupi, lakini msanii lazima aongeze chumvi. Ubeti wa pili unasema alifika Mombasa kidogo tu akarudi na bahari yote mdomoni. Ismael ana shangazi Mombasa. Nani mwingine? Halafu kiitikio, kitamu kama uji wa wimbi:

Jifunike kwanza, miguu itafuata!

Ningemlipa msomi wa Nairobi aniandikie tangazo, asingefika hapo. Ubeti wa tatu sijausikiliza. Hapo gitaa linazembea, kama watu wanabeba jeneza. Tangazo si mahubiri. Kiitikio cha pili kikiisha, nabonyeza kaseti na kurudisha mwanzo.

Saa nne nimeunga spika kwa betri ya gari. Kufikia saa tano barabara imejaa. Nimeshtuka mimi mwenyewe. Watu wanacheka mpaka wanashika nguzo. Dereva wa trekta amezima injini katikati ya barabara. Hawajanunua, lakini wanashika! Kila mmoja anatwaa blanketi langu, anajipima kutoka kidevuni, anaangalia viatu vyake, anaangua kicheko, anampa mwenzake. Mzee mmoja amelala kabisa juu ya kaunta ili apime vizuri. Hiyo inaitwa kuvutia mteja.

Ismael amevuka barabara. Nilijiandaa kwa ngumi. Akanipa mkono. Akaniambia, "Bundi, wewe ni mwanaume. Mimi nisingethubutu." Macho yalikuwa na machozi. Amekubali kushindwa mapema hivi? Nimemwonea huruma kidogo.

Jumatano, 6 Julai.

Wimbo kutoka asubuhi hadi jioni. Watoto wa shule wakipita wananielekezea vidole na kuimba kiitikio. Umaarufu.

Mauzo bado. Umaarufu hutangulia, pesa ni miguu, itafuata.

Jioni amekuja Kathambi, anayechuma maua kwenye shamba la juu. Ana mtoto mchanga mgongoni, kamvika sweta tatu na bado midomo ni ya bluu kwa baridi. Akajipimia blanketi langu, akalikunja pole pole, akarudisha. Hakucheka. Katika watu wote wa wiki hii ni yeye tu ambaye hakucheka. Akasema tu, "Haitatutosha, kaka."

Nimeingia chumba cha nyuma nikamtolea lile letu la kitandani, jekundu lenye mistari myeusi, alilotupa Mzee Mutegi siku ya harusi. Linafunika watu wawili na mbwa. Nimempa kwa sababu za kibiashara. Mtu akitembea nalo kote Timau, ataulizwa alipolipata. Ni tangazo.

Nimelala na moja la dukani. Magoti yamekunjwa. Mbona Mombasa haikuwa ngumu hivi?

Ijumaa, 8 Julai.

Jana sikuandika. Vidole vilikataa.

Nelius amenijia na kikombe cha chai ya tangawizi na uso wa mazishi. Akaniuliza kama nimewahi kusikiliza ule wimbo mpaka mwisho. Nikamweleza ufundi wa matangazo, jinsi ubeti mzito unavyofukuza mteja. Akanitazama sana. Akasema, "Basi usikilize leo, baba, kabla ya kesho." Nikamjibu kwamba betri ni ya kesho, haichezewi. Akaondoka akitikisa kichwa, na kikombe akasahau.

Wivu ni ugonjwa. Hoteli yake haina wimbo.

Nimefagia duka, nimefuta kioo, nimening'iniza mablanketi kwa urefu wake mzuri, yaani kutoka pembe hadi pembe. Kesho Mzee Mutegi ataona umati ambao Kianjokoma huonekana Krismasi tu.

Jumamosi, 9 Julai.

Nitaandika kama ilivyotokea.

Soko lilifurika. Wafanyakazi wa maua walikuwa wametoka kazini, watu wa viazi walikuwa wameteremka, wote kwangu. Nikapanda juu ya kreti, blanketi begani kama koti la chifu, nikacheza. Watu wakapiga makofi. Ile raha, nani angekumbuka kubonyeza kaseti? Sikubonyeza. Gitaa likazembea. Ubeti wa tatu ukaingia:

Bundi wa Timau, shemeji yangu mpendwa,
dada analia Kianjokoma,
cherehani yake umeigeuza kelele.

Nilifikiri baridi imenipanda kichwani. Nikasubiri aseme Ismael. Hakusema Ismael. Na soko lote, kutoka mama wa kabeji hadi polisi wa zamu, wakaimba pamoja naye, neno kwa neno. Walikuwa wanaujua! Kaseti ziko manyumbani mwao! Kiambi amekula kuku wangu, tena paja, halafu akaenda kuniimba!

Nikageuka nizime. Mbele ya spika alikuwa amesimama Mzee Mutegi. Kofia, koti refu, bakora. Kaseti ikafika mwisho yenyewe. Hata tr-tr-tr ya Mwanarusi ilikoma.

Mzee akauliza, bila kumtazama mtu, wimbo huu umepigwa hapa tangu lini. Ismael akawahi, kwa ile furaha yake, kwamba ni tangu Jumanne, mzee, asubuhi mpaka jioni, na anayeupiga ni mwenyewe Bundi kwa mkono wake.

Nikajua nimezikwa.

Mzee akavua kofia. Akasema, "Kwetu mtu akimkosea mke, tunamburuta mbele ya wazee, na bado anakana. Huyu amejitoa mwenyewe. Ameweka aibu yake juu ya spika, sokoni, wiki nzima. Mimi na uzee wangu sijaona." Mama wa kabeji akasema "Ni kweli," akafuta macho kwa leso.

Nilifungua mdomo nieleze. Kwa mara ya kwanza maishani, hakikutoka kitu. Nikaufunga. Watu wakasema tazama unyenyekevu.

Halafu mzee akaona blanketi jekundu kwenye umati. Uso ukabadilika. Akalielekeza kwa bakora, akauliza kama hata la harusi nimeuza. Kathambi akasogea mbele, mtoto amefunikwa mpaka pua. Akasema hakuuziwa, alipewa, wala hakuomba, na mwenye kumpa sasa bila shaka analala na lile la kupima kwa shubiri. Mzee akaniangalia miguu. Sijui aliona nini huko. Akanishika bega akasema Felicitas atakuja Jumatatu, lakini akute cherehani mahali pake.

Ismael hakunipa hata nafasi ya kubembeleza. Siku nzima alikuwa ameutazama ule umati. Akasema chukua cherehani, nipe spika na kaseti, tumalizane. Mwanarusi alimrukia kwa maneno ambayo siyaandiki, lakini spika ilikuwa tayari imevuka barabara.

Jioni nimeketi na cherehani. Nimewaza sana. Nadhani moyoni nilijua tangu mwanzo kwamba wimbo ni wangu. Mtu mkubwa hufanya toba bila hata kujiambia.

Jumatatu, 11 Julai.

Felicitas amefika. Hakunisalimu. Amesalimu cherehani kwanza, akaigusa gurudumu, akaweka mafuta. Mimi nikapata salamu ya pili. Ni sawa.

Usiku akajifunika bidhaa yangu. Kisha akauliza gizani, taratibu, kama niliyapima mablanketi kabla ya kuyanunua. Nikamweleza kuhusu magoti. Akacheka. Sijausikia ule mcheko tangu ameondoka. Sikulala, nikiogopa utaisha.

Alhamisi, 14 Julai.

Ajabu. Felicitas anachukua mablanketi yangu mawili mafupi, anayaunga, anapiga mshono mara mbili, linatoka moja refu kuliko yoyote ya Ismael. Anabaki na kipande cha shali ya mtoto. Watu wamepanga foleni. Foleni bila wimbo! Kathambi ameleta wachuma maua wenzake, kila mmoja anachagua rangi zake mbili. Nelius amechukua la hoteli, akasema, "Umeona, baba?"

Nimeona. Nimeona vizuri sana. Ismael kule ana spika, anapiga ule wimbo mchana kutwa na ubeti wa tatu wote, watu wanacheza kwake halafu wanavuka kununua kwangu. Kiambi amenitumia salamu kwamba ananiombea. Nimemsamehe. Hata paja la kuku nimelisamehe.

Jumapili, 17 Julai.

Felicitas yuko kanisani. Nimebaki nikilinda duka, nikifikiri. Nani amewaleta wale watu wote? Mshono? Mshono hausikiki ng'ambo ya barabara. Ni wimbo. Na wimbo umekaa kwa adui. Siku akipata akili ya kuuzima, tumekwisha.

Kinachotakiwa ni wimbo mpya, wetu. Kiambi aimbe kuhusu mama mkwe fulani anayevuta blanketi usiku. Hatamtaja jina, kwa ubeti wa kwanza na wa pili. Mzee Mutegi mwenyewe atacheka.

Nimevuka barabara. Kwa Ismael hakufungwi Jumapili. Kabla sijasema neno, amejibu kwamba spika haiuzwi. Lakini Mwanarusi alikuwa amesimama nyuma yake, akiitazama cherehani yetu ng'ambo kwa ile hamu.

Cherehani imefunikwa kitambaa cheupe. Leo haishoni. Haitatakiwa mpaka kesho asubuhi.

Na ibada ya leo ni ya harambee. Ibada za michango hazimaliziki mapema.