Nusu Ekari ya Lupakisyo

Siku Onesphory alipozikwa, kijiji cha Ulaya kilibaki bila mpima mashamba. Miaka yote yeye ndiye aliyeitwa kutembea: hatua sabini huku, sabini kule, ekari imetimia, watu wanapeana mikono.

Lupakisyo, dalali wa Magomeni, Kilosa, alilia kuwapita wafiwa. Jicho moja tu lilibaki kavu, likikagua shamba la marehemu kando ya barabara. Godfrey wa Mikumi alitaka ekari moja hapohapo, ajenge hoteli ya madereva wa malori.

Tanga lilipoanuliwa, dalali akarudi kwa mjane na sukari kilo mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, barabarani ni vumbi na mbuzi wa watu. Mimi nina shamba bondeni, mpunga unajiotea. Tubadilishane, ekari kwa ekari. Nakuonea huruma tu."

Anastazia, mjane, alikuwa na ekari ile moja tu duniani, na mahindi yake hayakuwahi kufika kiunoni. Bonde alilitamani tangu ujana.

"Tutapimaje? Mwenye miguu tumemzika."

"Hesabu nyepesi! Ekari ni sabini kwa sabini. Nusu ya sabini?"

"Thelathini na tano."

"Basi nusu ekari ni thelathini na tano kwa thelathini na tano. Nakukatia nusu mbili, ekari yako hiyo."

Majirani wakaitikia, hesabu ilinyooka kama rula. Kipande cha namna hiyo, ndugu msomaji, ni robo, lakini nani atabishana na mtu aliyeleta sukari msibani?

Anastazia, aliyembebea mumewe vigingi miaka mingi, aliuma mdomo asicheke, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Rudia, mwanangu, mwenyekiti wa kitongoji asikie."

Lupakisyo akarudia, tena kwa kiapo. Vigingi vikapigwa bondeni, vipande viwili.

Wakaja barabarani. Godfrey alikuwa ameshafika, anasubiri garini. Anastazia akaanzia nyuma, kwenye mawe ya korongoni. Thelathini na tano kwa thelathini na tano. "Nusu." Akasogea pembeni, akatembea tena. "Nusu ya pili. Ekari yako imetimia, baba."

Upande wote wa barabara ukabaki wake.

"Mama! Ekari ni sabini kwa sabini!"

"Ala!" mwenyekiti akadakia. "Kwa hiyo kule bondeni ulimkatia robo robo?"

Lupakisyo akamtazama Godfrey garini. Akisema ndiyo, ni tapeli. Akisema hapana, barabara imekwenda.

"Nusu ni nusu," alisema kwa sauti ya mgonjwa.

Godfrey akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Hapa mbele unapangisha?"

"Marahaba. Tuongee."

Lupakisyo amepanda mihogo kwenye mawe. Anastazia anavuna mpunga bondeni na kodi barabarani, na jioni anapika chakula cha mtu mmoja.