Risasi Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 3 Machi
Binti mpimaji wa udongo kaleta majibu. Ua wetu wa nyuma una risasi! Nikamuuliza ni nani waliopigana hapa. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe ni madini, yameachwa na mwenye nyumba wa zamani aliyekuwa akifufua betri za magari. Ni sumu, na mjukuu wetu ndiyo kwanza anatambaa. Chochote akiokota, mdomoni. Mke wangu hakungoja chai ipoe. Kambeba mtoto, kaenda kwa dada yake. Harudi mpaka ua uwe salama. Mpimaji anashauri tufunike kwa udongo safi, tupande nyasi. Kufunika? Huko si kufagilia taka chini ya mkeka? Mimi naing'oa.

Alhamisi, 6 Machi
Sumaku! Nimeitoa kwenye spika ya redio, nikaiburuta uani kama mtu anayetembeza mbuzi. Nimepata misumari na kijiko ambacho mke wangu alimsingizia dada yangu kuwa kakiiba. Risasi, hata chembe. Jirani, Fundi Mageti, kachungulia juu ya ukuta, kanijulisha kwamba sumaku haivuti risasi. Mjuaji! Lakini kwa nini haivuti? Naye hajui. Nimefurahi.

Jumapili, 9 Machi
Kuosha. Udongo ndani ya beseni la kufulia, siki juu, koroga. Maji yakawa meusi tii. Raha iliyoje! Nikayamwaga mferejini. Mfereji unapita kwa Fundi Mageti. Kaja mbio, mikono kiunoni: "Mzee, ndiyo nini kunihamishia sumu?" Mpimaji kasema siki yangu haijasafisha kitu, imeisafirisha tu.

Jumatano, 12 Machi
Nimemuuliza mpimaji kama hakuna kiumbe kinachokula risasi. Akasema alizeti huinyonya kwa mizizi, ila kidogo mno, na itachukua miaka mingi. Ile miaka imeingilia sikio moja, ikatokea la pili. Mmea unaokunywa madini! Nimezipanda uani kote.

Jumamosi, 7 Juni
Alizeti zimenipita kimo. Mpimaji kapima majani: risasi imo! Nikamkumbatia Fundi Mageti kabla sijakumbuka kwamba tumenuniana. Kisha mpimaji akapima udongo. Uko karibu vilevile. Mke wangu alikuwa kaja kuangalia. Kampigia simu mwenye lori. Mke wangu na Fundi Mageti wamemwaga udongo safi, wakashindilia, wakapanda nyasi. Mimi nilitangulia kung'oa alizeti. Mjukuu karudi! Kanivuta sharubu, machozi yakanitoka.

Jumapili, 8 Juni
Mpimaji atakuja kesho kuchukua alizeti, zikatupwe panapostahili. Kaonya zisiliwe, zisichomwe, mifugo isipewe. Mbolea hakuitaja! Mke wangu alipokwenda sokoni, nimezikatakata zote na kuzichimbia humohumo uani, chini ya nyasi changa. Zitastawi nyasi hizo!