Vinanda Vyangu Viwili Kwenye Sendofu ya Shemeji

Leo nimeaibika Kasulu, tena ukweni. Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa vibaya.

Mnanijua. Fundi Gervas wa Kibondo, darasa la saba, nyumba na duka la sola nimevijenga kwa bisibisi (wenye digrii ndio wananiletea redio zao). Leo ilikuwa sendofu ya mdogo wa mke wangu. Kaka yao, Bosko, alitaka kukodi DJ. Nikasema DJ wa nini na mimi nipo? Bosko akacheka, "Shemeji, wewe si fundi wa tochi?"

Hilo neno liliniuma. Nikaapa mbele ya baba mkwe kwamba bi harusi ataingia kwa muziki wangu.

Nina vinanda viwili vya analojia, vya zamani, nilivinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama. Vinaunganishwa kwa waya. Ukibonyeza cha kwanza, kinatuma volti kwa cha pili, nacho kinaimba noti ileile. Volti ikipanda, sauti inapanda. Si kazi ya kila mtu.

Asubuhi tukaviwasha ukumbini. Noti za chini vinapatana, ukienda za juu cha pili kinabaki nyuma. Nikatoa mita. Nikapima, nikazungusha kiskrubu cha mgongoni pole pole, mpaka vikaimba kama koo moja. Mwalimu Neema, mpiga kinanda wa kanisani kwao, ndiye aliyekuja kutupigia. Akasema, "Hapo hapo, fundi. Usiguse tena."

Nikazima.

"Mbona unazima? Viache viwake. Vikipoa sauti inahama."

"Mwalimu, mimi nimelea majenereta mpaka Mabamba huko. Mashine ikishafanya kazi inapumzishwa." Nikavisogeza dirishani vipate upepo. (Na baridi ya Kasulu mnaijua.) Nikaenda kuvaa suti.

Mchana MC akatangaza bi harusi yuko mlangoni. Nikawasha, nikamwashiria Mwalimu kama waziri anayezindua daraja. Akabonyeza.

Cha kwanza kiliimba. Cha pili kikajibu kitu kingine kabisa, kama mbuzi aliyeitwa kwa jina la jirani.

Watu wakageuka. Bi harusi kasimama mlangoni, mguu mmoja mbele, anasubiri mdundo. Nikaruka na bisibisi. Nikazungusha kulia, sauti ikakaribia, ikapitiliza. Nikarudisha kushoto, ikakimbia. Kumbe vilikuwa vinapata moto na sauti inasogea yenyewe, na mimi naifukuza kama kuku wa mgeni.

"Fundi, toa mkono," Mwalimu akaninong'oneza.

"Ni umeme mdogo," nikasema kwa sauti, wakwe wasikie.

"Umeme mdogo na taa zote hizi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bosko.

Mashangazi wakachoka kusubiri. Wakaanza kupiga makofi na kuimba kwa Kiha, na bi harusi akaingia kwa makofi yao, mabega yanacheza, ukumbi mzima umesimama. Mimi bado nimeinama, suti imenibana, natafuta skrubu.

Bi harusi alipokaa, Mwalimu Neema alichomoa waya wangu. Akakipiga kinanda kimoja peke yake, na jamani, kilikuwa kitamu. Nikavuta kiti nikakaa (cha nyuma kabisa, karibu na masufuria).

Ndipo baba mkwe akaomba kipaza sauti. Nikajiweka sawa. Mzee ni mstaarabu, nikajua atanisitiri.

"Tunamshukuru mkwe wetu wa Kibondo," akasema taratibu. "Muziki umekuwa mzuri sana tangu alipokaa."

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha mke wangu. Nakijua.

Bosko amerekodi yote. Video ikikufikia, nakuomba uiangalie bila sauti. Bila sauti naonekana fundi kabisa.