Kijiji cha Pargeter na Kijiji Changu

Jumatatu, 7 Julai
Ukame. Malisho yote ya Wexthorpe yamekauka, ila ya jirani yangu Leonard Pargeter yamekauka kwa madaha! Daktari Skelhorn, mtaalamu wa mambo ya kale, amerusha droni yenye kamera juu yake, na nyasi zilizonyauka zimechora kijiji kizima: nyumba, njia, hata kanisa. Watu walikihama karne nyingi zilizopita. Kuta zao bado zimo ardhini, na juu ya mawe nyasi hufa kwanza. Sasa kila mdomo ni Pargeter, Pargeter. Mke wangu Muriel amempelekea keki ya limau aliyoioka mwenyewe. Mimi hupewa ya dukani. Roho inaniuma, sifichi.

Jumanne, 8 Julai
Nimepata wazo! Kama kazi ni nyasi kufa tu, zangu nazo zitakufa. Nimebeba bomba la dawa ya magugu, nikazunguka malishoni nikinyunyiza mistari. Nyumba za kale zilikuwaje? Sijui. Nikanakili ramani ya nyumba yetu, tena na tena, hadi dawa ikaisha. Muriel akauliza nafanya nini. Nikamwambia naua mbigili.

Jumamosi, 19 Julai
Droni imepita kwangu. Nilivaa tai. Daktari akaitazama picha kwa muda mrefu, halafu akasema hajawahi kuona wakulima maskini wa enzi zile wakiwa na banda la magari mawili. Kila nyumba! Akauliza na kile chumba kidogo karibu na ngazi ni cha nini. Choo, nikasema, kabla sijajizuia. Muriel akacheka mpaka akashikilia uzio. Pargeter hakucheka. Akanipiga bega, akasema, "Pole, jirani, majani yataota tu." Heri angecheka! Hata kwa wema kanishinda.

Jumapili, 27 Julai
Pargeter amekuja kulia kwangu. Malisho yake yamewekwa chini ya ulinzi wa serikali. Haruhusiwi kulima, wala kuchimbia nguzo ya uzio bila kibali. Wageni wanaacha geti wazi, kondoo wake wanalala barabarani. "Jirani, una bahati wewe," akaniambia. "Hakuna anayekujali!"

Nikampa chai, nikampa pole. Moyoni nachemka. Yaani yeye serikali imkataze kwa barua yenye muhuri, mimi nichimbe tu kama fuko? Kesho asubuhi naenda mjini kudai nami nikatazwe.