Yahusu: Mafiga Matatu na Kuondoka kwa Astérie

Ujiji, Kigoma
Jumatano, baada ya papai la asubuhi

Kwa Shemeji yangu Mheshimiwa Calixte Hatungimana,
Mkulima wa michikichi na mkamuaji wa mawese,
Kidahwe.

Shikamoo Shemeji, na amahoro, amani ya kwenu, kwa wote wa hapo nyumbani.

Mimi ni mzima. Neno hilo nimelipigia mstari kwa sababu najua dada yako amekwisha kukueleza kwamba nakufa. Sifi. Nimepungua tu, na kupungua ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa kuwa kila nikipiga unaniuliza nimekula nini, na nikikujibu unacheka mpaka salio linakwisha. Barua hii icheke utakavyo, maadamu mimi sitasikia.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu mke wangu Astérie apande bodaboda kuja kwako, sufuria kubwa ameipakata mapajani kama mtoto mchanga. Namtaka arudi kabla ya Jumapili. Si kwamba nimemkumbuka. Ni suala la utaratibu, nami nitalieleza kwa namba, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja.

Ila kwanza ujue nilianzaje. Mwezi wa tatu daktari wa zahanati alinipima presha. Akaitazama mashine, akalitazama tumbo langu, akasema: Mwalimu, punguza mafuta, ongeza matunda. Sasa Shemeji, wewe unanijua. Mimi kupunguza sijui. Mtoto akikosea hesabu moja kati ya kumi, nilikuwa namrudishia daftari zima. Basi nikaingia kwenye simu, nikakuta kikundi kinaitwa Chakula Hai, kinaongozwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam anayejiita Profesa wa Matunda. Masharti yao ni mepesi kukariri: hakuna moto, hakuna mnyama wala samaki, hakuna mafuta. Hata parachichi, karanga na nazi ni marufuku, kwa kuwa mafuta yamejificha humo ndani. Nilijiunga siku hiyo hiyo. Tangu hapo asubuhi nala ndizi mbivu kumi na mbili, mchana papai na nanasi, jioni beseni la mchicha mbichi, matango na nyanya. Chumvi hakuna.

Baada ya hayo, malalamiko yangu dhidi ya dada yako ni haya.

1. Kukataa elimu. Nilimkalisha kitako, nikamchorea ukutani kwa chaki tumbo la binadamu, nikamwonyesha mahali mawese yanapoganda. Alinisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu: na ugali wa muhogo, huo nao unaliwaje mbichi? Nikamjibu ugali umefutwa. Akasema "oya", hapana ya kwenu, akaendelea kuchambua. Shemeji, mmelelewa pamoja, hiyo "oya" yenu waijua. Haina mlango wala dirisha.

2. Harufu. Astérie aliendelea kujipikia mwenyewe: samaki wa mgebuka wa kuchoma, maharage yaliyoungwa kwa mawese mekundu, na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa anakula kwa adabu, amenipa mgongo, lakini pua yangu haikujiunga na kikundi chochote. Jirani yetu Mwanvua, yule anayekaanga dagaa barazani kwake, naye ni mshirika katika kosa hili. Nimemwandikia Mwenyekiti wa Mtaa kumwomba apige marufuku kukaanga dagaa kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja jioni, na vichanja vyote vya dagaa pale Kibirizi vihamishiwe Kagunga mpakani, ili harufu ivuke mpaka na wenzetu nao waonje mateso. Hajanijibu. Juzi nilimwona amekaa kwenye benchi la Mwanvua, kidevu kinang'aa mafuta.

3. Kunipokonya chakula kikiwa mdomoni. Hili nalitaja kwa uchungu. Siku moja nilichuma majani machanga ya muhogo, nikayaosha vizuri, nikaanza kutafuna. Astérie alitoka jikoni mbio, akanishika taya kama unavyomshika mbuzi anayenyweshwa dawa, akanitoa majani yote kwa kidole. Kwa kidole, Shemeji! Mimi, mwalimu wa sayansi! Anadai yakiwa mabichi yana sumu, na kwamba ndiyo maana bibi zenu waliyatwanga na kuyachemsha muda mrefu. Alikuwa analia. Nilikasirika sana. Nikapeleka swali kwa Profesa nikitaka aniunge mkono. Siku ya tatu nikakuta swali langu limefutwa, na mahali pake pamewekwa picha ya embe.

4. Mafiga. Hapa nakuomba ukae chini.

Nilifikiri hivi: mwizi anaiba kwa sababu kuna mlango, na mke anapika kwa sababu kuna mafiga. Astérie alipokwenda Kalinzi siku tatu kwa semina ya kwaya, niliingia jikoni, nikayang'oa mafiga yote matatu, nikayatoa uani na kuyaegemezea mikungu yangu ya ndizi. Najua ni yale aliyoyachagua marehemu mama yenu mwenyewe ufukweni siku tulipooana, akayapanga kwa mkono wake. Sikuyatupa. Niliyahamisha tu.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa uani nakatakata vitunguu vibichi kwa ajili ya beseni la jioni. Vitunguu vya Kalinzi ni vikali, machozi yakawa yananitiririka. Mwanvua akachungulia juu ya ua. Akaona jiko limepoa siku tatu, halitoi moshi. Akaona mafiga yako nje. Astérie hajaonekana. Mwalimu analia peke yake juu ya beseni. Akapiga yowe ambalo nadhani liliwafikia hadi wavuvi ziwani.

Hata saa moja haikwisha, turubai likawa limefungwa. Wanaume wakaleta kuni. Wanawake wakaja na vyungu vya maharage yenye mawese, ugali wa muhogo na dagaa, kwa sababu kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto, majirani ndio hupika. Nikasimama nikawaambia: jamani, Astérie yuko Kalinzi! Wakatikisa vichwa. Mzee Nehemia wa kanisani akanishika bega, akawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba mshtuko umempanda Mwalimu kichwani, asibishiwe.

Basi katikati ya pambio la tatu bodaboda ikasimama. Astérie akashuka, akaliona turubai, akauliza kwa upole nani amefariki. Loo! Wanawake wawili walizimia. Mwanvua alikimbia mpaka kwake akajifungia. Walipotulia wakamweleza, naye hakukasirika. Aliwazunguka mmoja mmoja akawashukuru kwa kumlilia vizuri. Kisha akanawa, akaketi, akala sahani mbili katika msiba wake mwenyewe. Naomba hilo liandikwe. Marehemu hana fungu katika chakula cha msiba, wala halijawahi kutokea katika kata yetu.

Alipomaliza akaenda kuyatazama mafiga chini ya mikungu. Akalipangusa moja kwa upande wa kitenge chake. Hakunipigia kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, majibu matatu yakiwa tayari. Aliniambia tu: Mwalimu, watu wamekwisha kunilia, na marehemu hapiki wala hakai. Akachukua sufuria akaondoka.

5. Hali ya nyumba tangu hapo. Hii naieleza bila kutia chumvi, maana chumvi nimeacha. Suruali zangu nazifunga kwa kamba ya katani. Mbuzi wa Mwanvua wananifuata hadi kisimani, nadhani wananihesabu kuwa mwenzao. Ndizi zinaiva zote siku moja na kuoza zote siku inayofuata, na vijidudu vyake vimehamia chumbani. Jioni nawasha redio, mtangazaji akikosea neno namsahihisha kwa sauti, halafu nanyamaza kungoja mtu aniambie niache kelele. Hakuna anayeniambia. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja na beseni.

Sijasema namkumbuka. Rudi juu ukasome, sijasema.

6. Kikundi. Kwa uaminifu wa mwalimu lazima nieleze na hili. Jumamosi niliandika kwenye Chakula Hai kwamba mke wangu ameondoka kwa sababu ya lishe, nikaomba ushauri. Profesa akajibu kwamba mwanamke wa moto ni mzigo, nimshukuru Mungu ameondoka, na kwamba sasa mwili wangu utasafika kwa kasi. Watu mia nne na kitu wakaweka vidole gumba. Niliwapitia wote, Shemeji, nimevaa miwani, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mke wangu anaitwa nani. Ilhali wale walioleta kuni, Mwanvua na wenzake, walimlilia kwa jina lake kamili, na jina la mama yake, na nyimbo alizokuwa anaanzisha kwenye kwaya. Sijui kwa nini naliweka hili kwenye malalamiko. Liache hapo hapo.

Kwa msingi huo, naomba yafuatayo kwa heshima zote:

Kwanza, umrudishe Astérie kabla ya Jumapili, akiwa amekubali kwa maandishi kula matunda.

Pili, wewe mwenyewe uache kukamua mawese, ukate michikichi yote hapo Kidahwe na kupanda matikiti. Najua umesomesha watoto watano kwa michikichi hiyo. Lakini fikiria ni matumbo mangapi umeyatia hatiani.

Tatu, upokee msamaha wangu. Nilipokuja kuoa nilileta madebe manne ya mawese kwa wazazi wenu, nao walifurahi wakapiga vigelegele. Leo natambua nilileta sumu. Iwapo ndoa ilifungwa kwa sumu, basi kisheria huenda haikufungika, na kama haikufungika Astérie hawezi kuwa ameniacha, na kama hajaniacha hana sababu ya kuwa kwako. Kwa hiyo yuko hapa. Nimeipitia hoja hii mara tatu, sioni kosa, isipokuwa kwamba nikitazama jikoni hayumo.

Nne, ukikataa, nitalifikisha suala hili kwa Mwenyekiti wa Mtaa, pindi atakapomaliza dagaa.

Nisalimie mkeo, watoto wote, mama mkwe mdogo na magoti yake, Bariki wa mashine ya kukoboa, na mbwa wenu asiyenipenda. Mwambie Astérie kwamba mchungaji amemuulizia, kwaya imemuulizia, na yule kuku wake mweusi ametaga.

Ni mimi Shemeji yako mtiifu, katika mwili ulio mwepesi na akili iliyo timamu,

Mwl. Elikana Bonifasi (Mstaafu)

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa. Mzee Nehemia, ili ajue sijapandwa na mshtuko. Profesa wa Matunda: imefutwa.

Nyongeza, siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni

Shemeji, bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba, nimeifungua tena.

Nilitoka kwenda kumkabidhi barua hii dereva wa gari la Kasulu, nikapita kwa Mwanvua. Alikuwa ananikwepa tangu siku ile ya yowe. Leo aliniita, akanipa kaa la moto kwenye kigae. Sikumwomba. Nami sijui kwa nini nililipokea.

Mafiga nimeyarudisha jikoni. Maharage aliyoyachambua Astérie siku ile ya chaki nimeyakuta kwenye ungo, hata jiwe moja halimo. Nimeyabandika. Mchicha mbichi wamekula mbuzi, nao hawakuumaliza. Mawese nimeyapata nyuma ya mlango, nimetia mwiko mzima, halafu wa pili. Daktari alisema nipunguze, basi nimepunguza: Astérie alikuwa anatia mitatu. Sasa sijui kitunguu hutangulia au hufuata. Miaka thelathini na minne nimekula maharage haya, na sijawahi kutazama yanavyopikwa.

Figa la tatu linacheza. Nimelizungusha kila upande, nimelitilia kokoto chini, bado sufuria imeinama na mchuzi unamwagikia motoni. Mama yenu alikuwa na namna yake ya kuliweka, akamwonyesha Astérie peke yake, mimi nilikuwa nje nahutubia wageni.

Moshi umetoka mwingi sana. Majirani wameuona, wamekuja mbio uani wanashangilia, Mwanvua anapiga vigelegele, wanauliza Astérie amerudi lini. Walivyofurahi, Shemeji, nilishindwa. Nimewaambia yuko njiani.

Yale maombi manne yote yafute. Ninalo moja tu. Barua hii nimempa mtu wa bodaboda badala ya dereva wa gari, nimemwambia asubiri hapo kwako. Mpandishe Astérie, na sufuria yake, ili niwe nimesema kweli.